Abraham Lincoln: Rais aliyeandamwa na huzuni, na tunachojifunza kwake kuhusu sonona

Mwezi Januari mwaka 1841, mjini Springfield katika jimbo la Illinois nchini Marekani, mfanyabiashara kijana aitwaye Joshua Speed alikusanya nyembe na visu vilivyokuwa chumbani na kuviweka mbali. Alifanya hivyo kwa ajili ya rafiki yake. Rafiki huyo alikuwa wakili na mbunge wa jimbo, mwenye umri wa miaka 31, mrefu kuliko karibu kila mtu pale mjini na maarufu kwa utani wake. Siku hizo alikuwa amelala kitandani, amekonda, na sauti yake imekuwa ndogo kiasi kwamba ilimbidi mtu asogee ndipo amsikie. Waliomzunguka walihofia kwamba angejidhuru.

Mtu huyo alikuwa Abraham Lincoln. Miaka 20 baadaye aliapishwa kuwa rais wa 16 wa Marekani, akaiongoza nchi hiyo katika vita vya wenyewe kwa wenyewe na akatangaza kuachiwa huru kwa watumwa wa majimbo yaliyoasi. Wengi wetu tumelisikia jina lake tangu shule ya msingi. Ni wachache waliosimuliwa kwamba tangu ujana hadi anauawa, Lincoln aliandamwa na huzuni nzito ambayo watu wa karibu yake waliiona na kuizungumzia.

Makala haya yanapitia maisha yake kwa jicho hilo, kwa sababu ndani yake zimo karibu dalili zote za ugonjwa ambao leo unaitwa sonona.

Sonona ni nini?

Ugonjwa huu una majina mengi mitaani. Wengine huuita unyogovu, wengine husema fulani ana mawazo, na wengi huuchanganya na msongo wa mawazo. Tofauti ipo. Mtu mwenye msongo wa mawazo ana mzigo fulani: deni, mtihani, kesi, mgonjwa hospitalini. Mzigo ukitua, naye kwa kawaida hupata nafuu. Kwa mwenye sonona, mzigo unaweza kutua na bado giza likabaki. Wakati mwingine hata huo mzigo wenyewe hauonekani. Mtu ana kazi, ana familia, hana deni, lakini ndani yake hakuna kinachowaka.

Tuseme jambo moja mapema. Hakuna daktari wa leo aliyempima Lincoln, na mtu aliyekufa mwaka 1865 hawezi kuandikiwa cheti cha ugonjwa. Madaktari wa zama zake walikuwa na jina lao la hali hiyo, melankolia, na hawakuwa na vipimo tulivyo navyo sasa. Tulichonacho ni barua zake, kumbukumbu za marafiki, na maelezo ya majirani. Hayo yanatosha kutuonyesha sura za ugonjwa, hata kama hayatoshi kuandika jina lake kwenye faili.

Utoto uliojaa misiba

Lincoln alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika kibanda cha magogo huko Kentucky. Baba yake, Thomas, alikuwa mkulima na seremala. Mama yake aliitwa Nancy Hanks. Dada yake, Sarah, alimtangulia kwa miaka miwili, na mdogo wao wa kiume alifariki akiwa bado mchanga.

Mwaka 1816 familia ilihamia Indiana, eneo la msitu mnene. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1818, mama yake alifariki kwa ugonjwa uliowapata watu waliokunywa maziwa ya ng'ombe waliokula mmea wenye sumu. Abraham alikuwa na miaka 9. Mwaka uliofuata baba alioa mke mwingine, Sarah Bush Johnston, mjane aliyekuja na watoto wake watatu. Mama huyu wa kambo alimpenda Abraham kama mwanawe wa kumzaa na akamtia moyo asome vitabu, na Lincoln alimheshimu maisha yake yote. Lakini kifo kilirudi tena. Januari 1828 dada yake Sarah alifariki wakati wa kujifungua, akiwa na umri wa miaka 20.

Kwa nini tunayahesabu haya? Kwa sababu sonona mara chache huwa na chanzo kimoja. Kufiwa na mzazi utotoni huongeza uwezekano wa mtu kuugua ukubwani. Umaskini, ukatili wa nyumbani, magonjwa ya muda mrefu na upweke huongeza pia. Urithi una sehemu yake: katika baadhi ya koo ugonjwa huu huonekana kizazi baada ya kizazi, na upande wa baba yake Lincoln walikuwepo ndugu waliosemekana kuwa na vipindi vya huzuni kubwa. Hata hivyo hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachomaanisha kwamba lazima mtu augue. Wapo waliopitia yote hayo wasiugue, na wapo waliougua bila kupitia hata moja.

New Salem, 1835: msiba au ugonjwa?

Akiwa na miaka 22 Lincoln aliondoka kwa baba yake na kwenda kuishi New Salem, kijiji kidogo cha Illinois. Huko alifanya kazi dukani, akawa mkuu wa posta, akapima ardhi, na mwaka 1834 akachaguliwa kuingia bunge la jimbo.

Tarehe 25 Agosti 1835 binti wa kijijini hapo aitwaye Ann Rutledge alifariki kwa homa, akiwa na miaka 22. Wanahistoria wamebishana kwa muda mrefu iwapo wawili hao walikuwa wachumba. Lakini majirani wengi waliohojiwa baadaye walikumbuka jambo moja kwa pamoja, kwamba baada ya kifo hicho Lincoln alibadilika. Alitembea peke yake porini, aliongea kidogo, na siku za mvua hali yake ilizidi kuwa mbaya. Kijiji kiliingiwa na hofu. Hakimu wa kijiji, Bowling Green, pamoja na mkewe Nancy, walimchukua nyumbani kwao wakakaa naye hadi alipopata nafuu.

Hapa wengi hujiuliza: kulia na kukosa hamu baada ya kufiwa si jambo la kawaida? Ndiyo, ni la kawaida. Majonzi ya msiba huja kama mawimbi. Leo mfiwa analia, kesho anakumbuka kichekesho cha marehemu na kucheka, na taratibu anarudi shambani au kazini. Mara nyingi mfiwa humkosa aliyekufa, lakini hajichukii mwenyewe. Sonona haiendi kwa mawimbi. Hukaa siku nzima, siku baada ya siku, na humfanya mtu ajione hana thamani, ana hatia, au hastahili kuishi. Msiba unaweza kuwa mlango ambao sonona imepitia. Kwa hiyo familia isiseme tu kwamba anaomboleza, akizoea ataacha. Iangalie muda, na iangalie kama mtu bado anakula, analala, na anaona kesho.

Springfield, 1841: sonona kali

Mwaka 1837 Lincoln alihamia Springfield kufanya kazi ya uwakili. Hakuwa na fedha za kukodi chumba wala kununua kitanda, na Joshua Speed, mwenye duka, alimkaribisha walale chumba kimoja juu ya duka lake. Wakawa marafiki wa kufa na kuzikana.

Kufikia mwishoni mwa mwaka 1840 mambo kadhaa yalimwangukia kwa pamoja. Mpango wa jimbo wa kujenga reli na mifereji, ambao yeye aliupigia debe bungeni, ulikuwa umeiacha Illinois kwenye madeni makubwa. Speed alikuwa anajiandaa kuuza duka na kurudi kwao Kentucky baada ya kufiwa na baba. Na uchumba wa Lincoln na Mary Todd, binti wa familia yenye uwezo, ulivunjika karibu na mwaka mpya wa 1841.

Akaanguka. Alikosa vikao vya bunge, yeye ambaye alikuwa miongoni mwa viongozi wa chama chake humo. Alimwandikia John Stuart, mshirika wake wa uwakili aliyekuwa Washington, kwamba hakuna mtu duniani mwenye taabu kama yake na kwamba hajui kama atapona. Daktari wake aliitwa Anson Henry. Lincoln alimwona daktari huyo kuwa wa lazima kwake kiasi kwamba alimwomba Stuart amtafutie kazi ya ukuu wa posta ili asihame mji. Tulitazame hilo kwa makini: mtu akiwa katika hali mbaya kuliko zote alijua kwamba anahitaji tabibu, na akalisema bila kuficha.

Hali ya namna hii leo huitwa sonona kali. Wataalamu huangalia dalili hizi:

- Huzuni, utupu au kukata tamaa karibu kutwa nzima, karibu kila siku.
- Kupoteza hamu ya mambo uliyokuwa ukiyafurahia, iwe mpira, ibada, mazungumzo na watoto au tendo la ndoa.
- Kukosa usingizi, kuamka usiku wa manane bila kuweza kulala tena, au kulala kupita kiasi.
- Chakula kukosa ladha na mwili kupungua, au kula kupita kawaida.
- Uchovu usioisha hata baada ya kupumzika.
- Kufanya kila kitu polepole mno, au kuhangaika bila kutulia.
- Kujiona huna thamani, au kujilaumu kupita kiasi.
- Kushindwa kutuliza akili na kuamua hata jambo dogo.
- Mawazo ya kifo au ya kujidhuru.

Mtu akiwa na dalili 5 au zaidi kati ya hizi, mojawapo ikiwa huzuni au kupoteza hamu, kwa muda wa wiki 2 au zaidi, na zikamzuia kuendesha maisha yake, hapo anahitaji kumwona mhudumu wa afya. Dalili ya mwisho haingoji wiki 2. Hiyo ikionekana, msaada utafutwe siku hiyo hiyo.

Sonona kali inaweza kumpata mtu mara moja maishani, au kurudi kwa vipindi. Ikizidi sana, mgonjwa anaweza kuanza kusikia sauti au kuamini mambo ambayo hayapo, kwa mfano kwamba ametenda kosa kubwa lisilosameheka. Huyo naye ana aina ya sonona, na anatibika. Si haki kumfungia ndani.

Lincoln alitokaje humo? Hakutoka kwa siku moja. Alirudi bungeni akiwa bado dhaifu. Agosti 1841 alisafiri hadi Farmington, shamba la familia ya Speed karibu na Louisville, akakaa huko kwa wiki kadhaa. Mama yake Speed alimhudumia kama mtoto wake na akampa Biblia. Ni vyema kukumbuka kwamba shamba hilo lilimtegemea mtumwa kwa kila kazi, na kwamba safarini kurudi Lincoln aliona kwenye meli watu waliofungwa minyororo wakipelekwa kuuzwa kusini. Picha hiyo aliibeba kwa miaka mingi.

Miezi michache baadaye mambo yaligeuka. Speed, akikaribia kuoa, alishikwa na hofu na mashaka makubwa. Sasa Lincoln ndiye aliyeandika barua baada ya barua kumtuliza, akimweleza kwamba anachohisi ni ugonjwa unaopita na haumaanishi kuwa hampendi mchumba wake. Speed alioa Februari 1842. Novemba mwaka huo huo Lincoln naye alimwoa Mary Todd.

Sonona ya muda mrefu, na ile iliyojificha

Baada ya hapo hakuna kumbukumbu ya Lincoln kuanguka tena namna ile. Lakini huzuni haikuondoka. William Herndon, aliyekuwa mshirika wake wa uwakili tangu mwaka 1844, alieleza kwamba huzuni ilionekana hata katika mwendo wake. Mawakili waliozunguka naye kwa farasi kutoka mahakama moja ya wilaya hadi nyingine walimkuta alfajiri amekaa akiutazama moto, akiongea peke yake. Kisha mchana mtu yule yule aliwavunja mbavu kwa hadithi zake.

Ipo aina ya sonona inayofanana na hayo. Huitwa sonona sugu, au ya muda mrefu. Si kali kama ile ya kumlaza mtu kitandani, lakini hudumu miaka 2 au zaidi. Mgonjwa anakwenda kazini, analipa ada za watoto, anahudhuria vikao, ila kila kitu anakifanya kana kwamba anapanda mlima. Kwa kuwa imekaa muda mrefu, watu huanza kuiona kuwa tabia: fulani ndivyo alivyo, hana furaha. Mgonjwa mwenyewe huamini hivyo na hatafuti tiba.

Wengine huificha kwa kicheko kama Lincoln. Wengine, hasa wanaume, huificha kwa hasira, kwa pombe, au kwa kufanya kazi bila kupumzika. Kwa watoto na vijana mara nyingi hutokea kama ukali, ugomvi, au kushuka ghafla shuleni. Na katika vituo vyetu vya afya wengi huja na malalamiko ya mwili: kichwa hakiishi kuuma, mgongo, tumbo, kifua kubana, moyo kwenda mbio. Anapimwa malaria hana, anapimwa homa ya matumbo hana, anapewa dawa za maumivu na kurudishwa nyumbani. Mwezi unaofuata anarudi. Haigizi, maumivu ni ya kweli, ila mzizi wake haujaguswa.

Lincoln pia alitafuta dawa. Kwa miaka kadhaa alimeza vidonge ambavyo madaktari wa wakati huo waliwapa watu wenye huzuni na matatizo ya choo. Vidonge hivyo vilikuwa na zebaki, ambayo leo tunajua ni sumu. Aliviacha muda mfupi baada ya kuingia Ikulu, kwa kuona vinamfanya awe mkali.

Mary, na aina nyingine za ugonjwa huu

Ndani ya nyumba hiyo hiyo alikuwepo mtu mwingine aliyeumia. Mary na Abraham walizaa watoto wanne wa kiume. Edward alifariki Februari 1850 kabla hajatimiza miaka 4. William, aliyeitwa Willie, alifariki Ikulu tarehe 20 Februari 1862, akiwa na miaka 11. Mary alilala kitandani kwa wiki kadhaa na hakuweza kuhudhuria mazishi. Mwaka 1865 mumewe alipigwa risasi akiwa ameketi karibu naye. Mwaka 1871 mtoto mwingine, Tad, alifariki akiwa na miaka 18. Mwaka 1875 Robert, mtoto pekee aliyebaki, alimfikisha mama yake mahakamani mjini Chicago, na baraza la wazee wa mahakama likaamua kwamba amerukwa na akili. Alipelekwa kwenye hospitali binafsi, akatoka baada ya miezi michache, na mwaka 1876 mahakama ikamrudishia haki zake. Uhusiano wake na mwanawe uliharibika vibaya.

Wataalamu bado wanatofautiana kuhusu ugonjwa wake, nasi hatutauamua hapa. Lakini historia yake inatukumbusha kwamba mume na mke wanaweza kuugua chini ya paa moja kwa namna tofauti. Mume alichekewa kwa hadithi zake, mke akaitwa mwendawazimu.

Wanawake hupata sonona zaidi kuliko wanaume. Mojawapo ya aina zinazowapata ni sonona ya ujauzito na ya baada ya kujifungua. Mama wengi hulialia siku chache za mwanzo na hali hiyo hupita. Lakini ikiendelea zaidi ya wiki 2, akawa hana hamu na mtoto, halali hata mtoto akilala, au anaogopa kwamba atamdhuru, huo ni ugonjwa. Si uvivu, si kukosa mapenzi kwa mtoto.

Ipo pia sonona inayopokezana na vipindi vya furaha iliyopitiliza. Wengi huiita baipola. Kwa siku au wiki mgonjwa halali na hachoki, anatumia fedha hovyo, anaona anaweza kila kitu, kisha anaporomoka. Huyu humhitaji daktari achague dawa kwa uangalifu, kwa sababu baadhi ya dawa za sonona zikitumika peke yake zinaweza kumrusha upande wa pili. Na katika nchi zenye baridi kali kuna sonona ya majira, inayokuja jua linapopungua na kuondoka linaporudi; ndugu zetu waliohamia Ulaya na Amerika Kaskazini wengine hukutana nayo huko kwa mara ya kwanza.

Ikulu wakati wa vita

Lincoln aliapishwa Machi 1861, na mwezi uliofuata vita vikaanza. Vilidumu miaka 4 na kuua zaidi ya watu laki 6. Kila siku alipokea orodha za waliokufa na barua za wazazi.

Utani aliutumia kama dawa. Tarehe 22 Septemba 1862 aliwaita mawaziri wake, akaanza kwa kuwasomea hadithi ya kuchekesha. Baadhi walikereka. Kisha akaweka kitabu chini na kuwasomea tangazo la kuwaachia huru watumwa, lililoanza kazi tarehe 1 Januari 1863.

Desemba mwaka huo wa 1862, miezi 10 baada ya kumzika Willie, alimwandikia barua binti wa rafiki yake aliyeuawa vitani. Binti huyo alikuwa amejifungia chumbani, hali chakula. Lincoln alimweleza kwamba huzuni humfikia kila mtu, na kwamba kwa kijana huuma zaidi kwa sababu hakuizoea. Alimhakikishia kwamba atapata nafuu, hata kama sasa haamini. Alisema anayajua hayo kwa kuwa yamempata.

Na kuna jambo ambalo Speed alilisimulia baadaye. Katika siku zile mbaya za 1841, Lincoln alimwambia kwamba haogopi kufa, ila anaumia kwamba hajafanya lolote la kumfanya akumbukwe. Miaka mingi baadaye, baada ya tangazo la ukombozi, Lincoln alimkumbusha Speed mazungumzo hayo, akionyesha kwamba sasa anaamini amelifanya jambo hilo. Kama angepotea mwaka 1841, asingeliona.

Tusikosee hapa. Sonona haikumfanya Lincoln kuwa mkuu, na hakuna anayepaswa kuuacha ugonjwa bila tiba kwa kudhani kwamba mateso humjenga mtu. Alifanya aliyoyafanya huku akiubeba. Tarehe 14 Aprili 1865, siku 5 baada ya jenerali mkuu wa upande wa kusini kusalimu amri, alipigwa risasi katika ukumbi wa maonyesho mjini Washington na kufariki asubuhi iliyofuata, akiwa na miaka 56.

Alichokosa yeye, tulicho nacho sisi

Lincoln hakuwa na tiba ya kweli. Sisi tunayo. Ya kwanza ni mazungumzo na mtaalamu, yanayomsaidia mgonjwa kutambua mawazo yanayomzamisha, kutatua migogoro na kurudia shughuli kidogo kidogo. Ya pili ni dawa. Dawa za sonona haziponyi kwa siku moja. Kwa kawaida huchukua wiki 2 hadi 4 au zaidi kabla nafuu haijaonekana, na hazipaswi kuachwa ghafla bila kumwuliza daktari. Wengine hupona kwa mazungumzo peke yake, wengine huhitaji vyote viwili.

Hata penye uhaba wa madaktari msaada unawezekana. Kusini magharibi mwa Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulihusisha wanavijiji wenye sonona waliokutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, kwa wiki 16, wakiongozwa na watu wa maeneo hayo waliopewa mafunzo ya muda mfupi. Walipata nafuu kubwa kuliko wale ambao hawakupewa vikundi.

Hapo ndipo tunapowakumbuka Bowling Green na mkewe, Joshua Speed na mama yake. Hawakuwa wataalamu. Walimkaribisha mgonjwa nyumbani, hawakumwacha peke yake, waliondoa vitu vya hatari, walimpeleka kwa daktari, hawakumcheka. Hawakumwambia ajikaze, aache mambo ya kike, au kwamba imani yake ni ndogo. Mambo hayo manne au matano kila familia inayaweza.

Msomaji wetu, kama dalili tulizozitaja umeziona kwako, kwa mwenzi wako, kwa mtoto au kwa jirani, anzia kituo cha afya kilicho karibu na ueleze wazi kwamba tatizo ni la akili na hisia, si kichwa tu. Hospitali za wilaya na za mikoa zinaweza kutibu au kutoa rufaa. Kama mtu anazungumzia kufa au kujidhuru, muulize moja kwa moja. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Kaa naye, weka mbali dawa, sumu za shambani na vitu vyenye makali, na mpeleke hospitali mara moja.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wakili wa Springfield hakuyaficha ya kwake mwaka ule wa 1841, na waliomsikia hawakumpuuza.